MAJI HUSHUKA KABLA YA KUPANDA
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Hebu nikuulize swali la jikoni. Umebandika maharagwe, yamechemka hadi yanataka kumwagika. Unamimina kikombe cha maji baridi. Je, kimo cha maji hupanda au hushuka? Umeongeza maji, lakini hushuka! Yakishapata moto tena ndipo hupanda na kupita pale pa kwanza. Jambo hili dogo lilizua ubishi kati yangu na babu, na ubishi wenyewe nikaushindwa.

Miaka ya 1970 babu alikuwa mchocheaji moto katika injini za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi zikipitia hapa kwetu Voi. Zilikuwa 34, zikaundwa na Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuchunga kioo kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila. Maji yakipungua mno, bati la juu ya tanuri hubaki wazi, huungua, na boila yaweza kupasuka na kuua. Yakizidi, huingia katika silinda pamoja na mvuke na kuziharibu.

"Kioo husema kweli," babu aliniambia, "lakini hakisemi mara moja. Dereva akifungulia mvuke, maji hupanda kiooni ilhali yanapungua. Ukitia maji, hushuka kwanza."

Mimi nikacheka. Nikamwambia kwamba siku hizi kompyuta ingeifanya kazi hiyo bila kusubiri chochote. Akanijibu, "Haya, ifanye basi, mjukuu wangu." Nikachukua daftari.

SABABU YAKE
Maji yanayochemka yamejaa mapovu ya mvuke, nayo mapovu huchukua nafasi. Ukitia maji yaliyo baridi kuliko yale ya ndani, mapovu mengi hunywea, na kimo hushuka. Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayovutana: maji yanayojikusanya polepole, na mapovu yanayonywea upesi.

HESABU YAKE
Wahandisi huandika uhusiano kati ya kinachoingia (maji tunayotia) na kinachotokea (kimo kiooni) kama sehemu moja yenye herufi s. Huiita transifa fankisheni. Maji yanayojikusanya huandikwa 1/s. Kunywea kwa mapovu tukuandike 3/(s + 1). Hiyo 3 nimeichagua kwa mfano tu. Kwa kuwa yanavutana, tunatoa:

1/s − 3/(s + 1) = (1 − 2s) / s(s + 1)

Tazama sehemu ya juu. Huwa sifuri s ikiwa ½, yaani nambari chanya. Hapo ndipo udanganyifu ulipojificha. Tukifungulia maji na kuyaacha yaingie, kimo hubadilika hivi:

Dakika 1: −0.90
Dakika 2: −0.59
Dakika 3: +0.15
Dakika 4: +1.05

Sasa tuseme mapovu yanasaidia badala ya kupinga:

1/s + 1/(s + 1) = (1 + 2s) / s(s + 1)

Hapa sehemu ya juu huwa sifuri s ikiwa −½, nacho kimo hupanda tangu mwanzo: 1.63, 2.86, 3.95, 4.98.

Ajabu ni hii. Tukitia maji kwa mdundo, mara mengi mara machache, kioo kitacheza kwa ukubwa uleule katika mifumo yote miwili. Kinachotofautiana ni kuchelewa tu. Mfumo wa pili ndio unaochelewa kidogo zaidi, na ndiyo maana mifumo ya namna hiyo huitwa ya minimamu fezi. Hendrik Bode, mhandisi wa Bell Laboratories huko Marekani, aliueleza uhusiano huo wa ukubwa na kuchelewa katika makala ya mwaka 1940 na kitabu cha mwaka 1945.

KWA NINI KOMPYUTA HAIMSHINDI BABU
Nilitaka kioo kipande papo hapo na kukaa pale pale. Ili kupata amri ya kutia maji, yafaa kuipindua ile sehemu, ya chini iwe juu. Lo! Ile (1 − 2s) ikienda chini, huzaa amri inayokua bila kikomo. Tena inatoka na alama ya kutoa! Yaani kompyuta ingetoa maji badala ya kutia, ikizidisha karibu mara tatu kila dakika mbili. Mapovu yangefura na kukishikilia kioo pale pale. Jamani, kioo kingependeza, na boila ingekauka!

Kwa hivyo kasi ya kompyuta haiondoi ile ½. Boila za kisasa hupima mambo matatu: kimo, maji yanayoingia na mvuke unaotoka, kisha hurekebisha kwa utaratibu. Babu naye hakutegemea kioo peke yake. Alitazama mkono wa dereva, na akaujua mlima ulio mbele.

Nilirudi kwake na daftari langu. Akauliza, "Kwa hiyo hata kompyuta husubiri?" Nikamjibu, "Husubiri, babu." Waama, haraka haraka haina baraka, na sasa methali hiyo ninaweza kuionyesha kwa hesabu.

ZOEZI: Weka ½ mahali pa ile 3 katika hesabu ya kwanza. Je, maji yatashuka kabla ya kupanda? Jaribu mwenyewe kabla ya kumwuliza mwalimu.