Kuona kwa Macho na Kupata Yakini: Somo la Dubu wa Nandi



Katika masomo yetu juu ya ushahidi, leo twataka kutazama jambo la bara, kwani mtu huona upesi ufa wa nyumba ya jirani kabla ya kuuona wa nyumba yake. Jambo lenyewe ni hili: mtu akitaka kutengeneza sinema ya uchunguzi juu ya watu wasemao kwamba wamemwona mnyama asiyejulikana na wataalamu, yampasa afuate njia gani ili asidanganyike wala asidanganye?

Mji wa Kakamega wafaa kuwa mfano. Upande wake wa mashariki upo msitu mkubwa wa mvua, wa jinsi ya misitu ya Kongo. Sehemu yake ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Ukiuvuka msitu huo wapanda nchi ya Wanandi, na huko ndiko ilikotoka khabari ya mnyama ambaye Wazungu walimwita "dubu wa Nandi".

Tuanze na jina, kwani kosa kubwa huingia kwa mlango mdogo. Wanandi walikuwa wakimtaja Chemosit. A. C. Hollis, aliyeandika kitabu cha mila zao mwaka 1909, alimweleza kuwa ni shetani, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na kinywa king'aacho usiku mfano wa taa. Je, huyo ni dubu? Kisha mwaka 1912 Mwingereza Geoffrey Williams aliandika katika jarida la wapenzi wa elimu ya viumbe wa Afrika ya Mashariki kwamba yeye mwenyewe alimwona katika Uasin Gishu mnyama asiyemjua, amekaa wima kama dubu wa bustani ya wanyama. Khabari hizi mbili, zisizofanana, zikachanganywa. Tangu hapo kila aliyeona kitu asichokitambua alikuta jina limekwisha kuwekwa tayari kwa ajili yake. Mhandisi mmoja wa reli ya Magadi alimwona mnyama wake akiwa juu ya kigari cha reli kilichokuwa kikienda kasi. Naye alisema kwamba mwanzo alimdhania fisi.

Wenye kuamini wana hoja, na si haki kuificha. Mwaka 1901 ulimwengu ulipata khabari thabiti za okapi wa msitu wa Ituri, ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wakimjua, na wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Basi kukanusha kila neno la mwenyeji ni ujinga. Lakini tuangalie ni nini kilichothibitisha khabari ya okapi: ilikuwa ngozi na mafuvu yaliyopelekwa London, wala si wingi wa maneno. Dubu wa Nandi hajaleta ngozi wala fuvu la namna yake mpaka leo. R. I. Pocock, mtaalamu wa wanyama, alieleza mwaka 1930 kwamba huyo ni fisi madoa. Na kweli fisi miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, na mgongo wake wateremka. Kwa mbali, jioni, ana umbo la kumshangaza asiyemtazamia. Louis Leakey naye mwaka 1935 aliuliza kama huenda ni mabaki ya mnyama wa kale mwenye makucha, ambaye mifupa yake hupatikana ardhini. Swali lilikuwa zuri, jawabu halikupatikana.

Sasa, mtengenezaji wa sinema afanye nini?

Kwanza, amuulize kila shahidi peke yake, kabla hajasikia maneno ya mwenzake, wala asimwonyeshe picha. Akiuliza, "Ulimwona dubu?" amekwisha kumtia shahidi jawabu kinywani. Na aulize, "Uliona nini?" kisha anyamaze.

Pili, atenganishe aliyeona na aliyehadithiwa. Wanazuoni wetu wa Hadithi walimchunguza kila mpokezi: alikutana na yule anayepokea kwake, au la? Kipimo hicho chafaa hapa pia.

Tatu, aende mahali penyewe, saa ile ile, apime umbali na mwangaza. Atege sikio vilevile, kwani perere, mnyama mdogo mfano wa sungura, hulia usiku sauti iwezayo kumtimua mtu mzima.

Nne, asitie ngoma za khofu wala vivuli vya kutengenezwa, kisha akasema yeye aonyesha kweli tu.

Tano, asimcheke shahidi. Aliyekosea si mwongo. Macho yake yameona. Kilichokosea ni jina alilolitia katika kile alichokiona.

Huenda msomaji akasema: mambo ya fisi wa Nandi yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Yatuhusu sana. Mwaka 1995 khofu ya popobawa ilienea Pemba na Unguja, watu wakalala nje kwa makundi. Katika mji wa Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na umati. Dhana ilifanywa yakini kwa usiku mmoja, na roho ya mtu ikapotea. Hakuna aliyeweza kuirudisha asubuhi yake.

Na wazee wetu walitufundisha haya katika hadithi ya Nunda mla watu, iliyopigwa chapa na Edward Steere mwaka 1870. Kijana alitoka kumtafuta Nunda, na kila mnyama aliyemuua alimpelekea mama yake, akimuuliza kama ndiye. Mama alimjibu siye, mara baada ya mara, mpaka alipofika mwenyewe. Mama yule hakuwa mtaalamu. Lakini alizijua sifa za anayetafutwa, na hakumkubali yeyote asiyekuwa nazo, ijapokuwa mwanawe alirudi amechoka na mwenye fahari.

Maswali ya kuzungumza darasani: Ni khabari gani inayozunguka mtaani mwetu sasa ambayo hatujamwona hata mtu mmoja aliyeishuhudia? Nasi tumewapa watu wangapi khabari hiyo?