Mzigo wa Msafiri

Wahenga walisema, Msafiri maskini ajapokuwa sultani. Maana yake, mtu akiisha kutoka kwake, mali yake imebaki nyuma, naye hana kitu ila kile alichokichukua. Kwa hiyo wengi hudhani ya kuwa msafiri mwenye akili ni yule achukuaye vitu vingi. Sivyo. Na tutazame desturi ya watu walioijua safari sana, yaani wapagazi wa zamani.

Katika karne ya 19, kabla ya kujengwa reli, karibu bidhaa zote zilizopita kati ya Bagamoyo na Tabora zilichukuliwa na watu, mabegani au vichwani. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi: nguo, shanga au waya wakati wa kwenda bara, na pembe za ndovu wakati wa kushuka pwani.

Juu ya mzigo huo mpagazi aliongeza vitu vyake mwenyewe. Basi alifikiri sana kabla ya kuongeza hata ratili moja. Alichukua mkeka, kibuyu cha maji, unga na silaha. Chungu hakikuwa cha kila mtu. Wapagazi walijigawanya katika vikundi vilivyoitwa kambi, na watu wa kambi moja walipika na kula pamoja. Nguo aliyoivaa mchana ndiyo aliyojifunika usiku.

Je, unga alichukua kiasi gani? Katika nchi yenye vijiji na mashamba alichukua kidogo tu, maana chakula kilinunuliwa njiani kwa nguo na shanga. Lakini kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali. Huko mwendo ulikuwa wa siku nyingi, vijiji vilikuwa haba, na wakati wa kiangazi maji yalikuwa ya shida. Kwa hiyo kabla ya kuliingia, wasafiri walinunua chakula cha kuwavusha, wakajaza vibuyu. Mtu aliyejilemeza kwa vitu visivyo na kazi alichoka, akaachwa nyuma; na kuachwa nyuma porini kulikuwa hatari ya mauti. Lakini aliyepunguza maji ili apate wepesi hakumshinda huyo kwa akili.

Basi kanuni ni hii: kitakachopatikana mbele kiache, kisichopatikana mbele, nacho huwezi kuishi bila yake, kichukue.

Nawe, mwanafunzi, ukitaka kusafiri, fanya hivi. Kwanza, uliza habari za njia: maji yako wapi, na chakula kinauzwa wapi. Pili, panga vitu vyako vyote chini, ukiulize kila kimoja, Utanifaa siku gani? Kisicho na jibu kirudishe. Tatu, funga mzigo wako, utembee nao nusu saa kabla ya siku ya safari. Mzigo ulio chini huonekana mwepesi. Bega ndilo lisemalo kweli.

Maswali

1. Kwa nini chungu kimoja kilitosha watu wengi?
2. Kwa nini wapagazi waliongeza mzigo kabla ya kuingia Mgunda Mkali?
3. Taja vitu vitano utakavyochukua katika safari ya siku mbili kwa miguu, na sababu ya kila kimoja.