Somo la Familia: Mama Kwenye Kinanda
Andiko: 2 Timotheo 1:5

Wapendwa, imani ya Timotheo ilianzia kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Leo tumkumbuke Alberta King, mke wa mchungaji wa Kanisa la Kibaptisti la Ebenezer, Atlanta. Mwanawe Martin Luther King aliuawa 1968. Mwingine, Alfred Daniel, alikufa maji 1969. Hata hivyo hakuiacha nyumba ya Bwana. Juni 30, 1974 aliuawa kwa risasi akipiga kinanda ibadani. Mumewe alikataa kumchukia muuaji.

Wengi wetu hapa Dubai, watoto wetu wanalelewa na bibi zao nyumbani. Simu ya leo isiwe ya ada peke yake: tusali nao, tuwashukuru bibi hao.