Mche umenunua Nane Nane, mvua inakuja Desemba: hamishia kwenye chombo kikubwa kabla mizizi haijajikunja



Kila mwaka mwezi wa 8 naona jambo moja linajirudia. Kijana anakwenda Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, anapenda miche ya miembe iliyobebeshwa, ananunua. Anaileta nyumbani, anaipanga chini ya mwarobaini, anamwagilia jioni na kusubiri mvua. Sasa mvua zetu za kupandia zinaanza mwishoni mwa Novemba, mara nyingi Desemba. Yaani mche unakaa miezi minne kwenye kiriba kilekile ambacho tayari ulishakaa miezi mingi kwa muuzaji.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kuna kijana alinunua miche 40 ya kutosha ekari moja kwa nafasi ya mita 10 kwa 10. Kila mche alilipa Sh 5,000, jumla Sh 200,000, hela ya ufuta wake. Nilipita kwake Septemba, nikaiona miche imependeza, nikamwambia, "Safi sana mdogo wangu, wewe subiri mvua tu." Sikushika hata kiriba kimoja kuangalia chini. Akapanda Desemba, ikashika yote. Mwaka wa pili akanipigia simu: "Kaka, miti haikui, na mmoja umelala kwa upepo." Tulipoung'oa, mizizi ilikuwa bado imezunguka kama ngata, ina umbo la kiriba kabisa. Shimo lilikuwa zuri na mbolea ilikuwepo, ila mizizi haikutoka kwenda kuitafuta. Miche 17 tuliing'oa. Yule kijana hakunilaumu, lakini mimi najua nilichomshauri.

Ndiyo maana somo la leo nalitoa mapema.

Utajuaje mche umebanwa?

- Mizizi inachungulia kwenye matundu ya chini ya kiriba.
- Ukibonyeza kiriba ni kigumu kama tofali.
- Ukimwagilia, maji yanapita pembeni na kutoka chini haraka bila kulowanisha udongo wa katikati.
- Majani yanasinyaa kila mchana hata kama ulimwagilia asubuhi.

Ukiona dalili mbili kati ya hizo, usisubiri Desemba.

Muda wa kuhamisha

Fanya Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kabla joto kali la Oktoba na Novemba halijafika. Chagua jioni. Pia angalia majani: kama mwembe umetoa majani mapya, yale laini ya rangi ya kahawia au wekundu, acha kwanza yakomae na kuwa kijani. Mche wenye majani machanga ukiugusa mizizi unanyauka haraka.

Chombo

Kiriba kikubwa cha nailoni, ndoo iliyopasuka au kiroba cha sandarusi kilichokunjwa nusu, vyote vinafaa. Kipana kuliko cha zamani kwa vidole vinne hivi kila upande inatosha. Usikimbilie pipa. Udongo mwingi usio na mizizi unakaa na maji muda mrefu, na mizizi inaoza. Toboa matundu chini na pembeni kidogo.

Udongo

Tumia ndoo 3 za udongo wa juu, ndoo 2 za samadi iliyooza vizuri na ndoo 1 ya mchanga wa korongo. Samadi iwe ya zamani, ukiishika haina joto na hainuki. Ile inayotoka zizini leo itaunguza mizizi. Na ule udongo unaoacha unga mweupe juu ukikauka usiuchukue, una chumvi.

Hatua za kazi

1. Mwagilia mche asubuhi ya siku hiyo, ili udongo ushikamane jioni ukiutoa.
2. Weka udongo mpya chini ya chombo kwa kimo ambacho mche ukikaa, usawa wake wa zamani utakuwa vidole viwili chini ya mdomo wa chombo. Nafasi hiyo ni ya maji.
3. Chana kiriba cha zamani kwa wembe kutoka juu hadi chini. Usivute mche kwa kushika shina, utakatika pale ulipobebeshwa.
4. Angalia mizizi. Iliyozunguka pembeni ichane kwa kisu safi kutoka juu kwenda chini, mistari mitatu au minne isiyo na kina. Iliyojiviringisha chini kama kamba ikate. Hapa ndo wengi wanaogopa, lakini mzizi uliozunguka haujinyooshi wenyewe, utaendelea kunenepa hivyohivyo. Ila usizidishe, usiondoe zaidi ya robo ya mizizi yote.
5. Simamisha mche katikati, jaza udongo pembeni, shindilia kwa vidole taratibu. Usizike shina zaidi ya lilivyokuwa. Sehemu ilipobebeshwa lazima ibaki juu ya udongo.
6. Mwagilia polepole mpaka maji yatoke chini. Udongo ukishuka, ongeza kidogo.

Angalizo: mpapai usiufanyie hatua ya 4. Mpapai haupendi kuguswa mizizi, uhamishe na udongo wake wote kama ulivyo. Mlimao na mchungwa fanya kama mwembe.

Baada ya kuhamisha

Weka kivulini wiki mbili, kisha uzoeshe jua kidogokidogo. Usiweke mbolea ya dukani mwezi wa kwanza, mizizi yenye vidonda haiitaki. Kumwagilia usiende kwa kalenda, ingiza kidole: ukikuta pakavu mpaka pingili ya pili, mwagilia. Hapa Chemba maji ya kununua kwa ndoo yanauma, na chombo kikubwa kinakusaidia kwa sababu hakikauki haraka kama kiriba kidogo. Funika juu kwa maganda ya karanga au nyasi kavu, ila yasiguse shina.

Mchwa nao usiwasahau. Panga vyombo juu ya mawe au matofali, usiviweke moja kwa moja ardhini. Faida ya pili, mizizi haitapenya kwenda ardhini, maana siku ya kupanda ungeikata yote.

Machipukizi yanayotokea chini ya sehemu ya kubebeshea yaondoe kwa kidole yakiwa bado machanga. Hayo ni ya embe la kienyeji, ukiyaacha yatakula chakula cha aina uliyolipia hela.

Siku ya kupanda

Shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60 lichimbwe mapema, udongo wa juu utengwe na wa chini. Mvua ikishalowanisha ardhi vizuri, chana chombo, angalia mizizi tena, kisha panda.

Piga hesabu mwenyewe: samadi ipo zizini, mchanga upo korongoni, viroba unavyo nyumbani. Miche 40 ni kazi ya jioni mbili. Kijana wangu alipoteza miche 17, yaani Sh 85,000, na miaka miwili ambayo hairudi. Msimu uliofuata alinunua mingine, na safari hii tulihamisha pamoja, mimi nikishika kisu.

Leo jioni kabla hujamwagilia, inua kiriba kimoja uangalie chini. Ukiona mizizi na huna uhakika, njoo ofisini au niite nyumbani. Safari hii nitaangalia chini.