Glavu pekee hazitoshi

Swali: Namuuguza mama yangu wodini. Muuguzi huvaa glavu, lakini simwoni akinawa. Je, inatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu. Glavu huweza kuwa na vitundu visivyoonekana, na mikono huchafuka hasa wakati wa kuzivua. Kwa hiyo mikono yenyewe lazima itakaswe pia. Kwa kitakasa mikono chenye alikoholi, sekunde 20 hadi 30 zinatosha, alimradi viganja, kucha na vidole gumba vyote vifikiwe. Faida yake ni kubwa mno: katika hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva, daktari Didier Pittet na wenzake walihimiza kitakasa kiwekwe kando ya kitanda, na kati ya 1994 na 1998 kiwango cha maambukizi ya hospitalini kilishuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9. Mwombe muuguzi, kwa heshima, atakase mikono kabla ya kumgusa mama. Nawe unawe.