Jino la mama mtu mzima na mfupa wa taya uliopungua nguvu

Katika nyumba zetu nyingi yupo mama au bibi aliyekwishang'oa meno mawili matatu, na huenda karibuni akang'oa jingine. Swali ambalo watoto wake huuliza ni hili: mama ana tatizo la mifupa kudhoofika, je, hilo shimo la jino litaziba?

Jawabu fupi ni kwamba mara nyingi huziba, ila yapo mambo ya kuzingatia. Lililo kubwa zaidi ni lile ambalo watu wengi husahau kumwambia daktari wa meno. Tutalifikia.

Kwanza tufahamu kuwa mfupa haukai kama jiwe. Kila siku zipo chembe hai zinazobomoa mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni huzizuia zile chembe za kubomoa zisizidi kiasi. Hedhi inapokoma homoni hiyo hupungua sana, na ubomoaji ukaupita ujenzi. Miaka mitano hadi kumi ya mwanzo ndiyo yenye upotevu mkubwa. Mfupa hubaki na umbo lake kwa nje, lakini ndani huwa na matundu makubwa kama sifongo. Ugonjwa huu madaktari huuita osteoporosisi. Hauumi, na wengi huugundua siku mama anapoteleza bafuni na kuvunjika kifundo cha mkono au nyonga.

Ama kuhusu taya, jino linapong'olewa shimo hujaa damu, na damu hiyo huganda. Donge hilo ndilo msingi wa kila kitu. Katika wiki ya kwanza nyama laini huanza kuota ndani yake, ufizi hujifunika juu katika wiki chache, na mfupa mchanga hujaza shimo kwa muda wa miezi mitatu minne hivi. Wakati huohuo kingo za taya mahali hapo husinyaa. Ndani ya mwaka mmoja upana wa ukingo waweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Hili humpata kila mtu, kijana kwa mzee.

Kwa mama mwenye osteoporosisi kazi ya kujenga yaweza kwenda polepole, na mfupa unaoota ukawa mwepesi zaidi. Matokeo ya tafiti kwa binadamu hayafanani, kwa hiyo si sawa kumtisha mtu kuwa jeraha lake halitapona. Anachoweza kukiona baadaye ni meno ya bandia kulegea mapema kwa sababu ya ukingo uliosinyaa.

Sasa lile jambo kubwa. Dawa zinazotibu osteoporosisi, kama vile alendroneti ya vidonge, zoledroneti ya kudungwa mshipani na denosumabu ya sindano ya kila miezi sita, huzizuia zile chembe zinazobomoa mfupa. Ni dawa nzuri na zimewaepusha wengi na kuvunjika. Lakini taya lenye jeraha linahitaji kubomoa kidogo ili lijenge. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walianza kuandika juu ya wagonjwa waliobaki na mfupa wa taya ulio wazi, usiofunikwa na ufizi, baada ya kutumia dawa za jamii hii. Mfupa ukibaki wazi kwa zaidi ya wiki nane, hilo ni tatizo la kushughulikiwa na mtaalamu. Kwa wanaotumia dawa hizi kwa ajili ya osteoporosisi jambo hili ni nadra sana. Hatari huwa kubwa zaidi kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa.

Basi mwambieni daktari wa meno dawa zote anazotumia mama, hata ile sindano ya mwaka jana, na msisahau prednisoloni wala ugonjwa wa kisukari. Na asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe: anayechelewesha sindano ya denosumabu aweza kuvunjika pingili za uti wa mgongo. Kama dawa hizo ndiyo kwanza zinataka kuanzwa, meno mabovu yashughulikiwe kabla.

Lipo na suala la udhu. Siku ya kwanza baada ya kung'oa jino, kusukutua kwa nguvu, kutematema mate na kunyonya kwa mrija huling'oa donge la damu. Likitoka, mfupa hubaki mtupu, na maumivu makali yakaja siku ya pili hadi ya nne pamoja na harufu mbaya. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, kusukutua katika udhu ni sunna. Anayefuata rai ya wajibu amuulize shekhe wake kuhusu udhuru huu. Mswaki utumike kwa meno mengine, jeraha liachwe. Kuanzia siku ya pili, maji ya uvuguvugu yenye chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi, taratibu, kila baada ya kula.

Sigara, ugoro na tambuu ya tumbaku huchelewesha kupona kuliko wengi wanavyodhani. Chakula kiwe laini lakini chenye nguvu: uji wa maziwa, mtindi, mayai, dagaa waliosagwa. Mchicha ni mzuri, ila chokaa yake mwili huipata kidogo tu, hivyo usichukue nafasi ya maziwa. Mama anayeshinda ndani apate jua la uani, mikono na miguu wazi, palipo na sitara.

Arudi kwa daktari haraka akiona uvimbe unaoongezeka, usaha, homa, ganzi ya mdomo wa chini, au mfupa unaochungulia pale ambapo ufizi ulipaswa kuwa umeshafunika.