Tujifunze Lugha: Shamba Lako la Miti Linaitwaje kwa Kiingereza?

Ndugu mkazi, kwa Kiswahili hatupati taabu. Ukisema shamba la minazi, la miembe au la mivinje, kila mtu kutoka Ukunda hadi Lunga Lunga amekuelewa. Neno ni moja, shamba, kisha unataja mti.

Kiingereza kina neno tofauti kwa kila hali. Na kwa kuwa fomu nyingi za ardhi, mikopo na fidia bado huandikwa kwa Kiingereza, neno utakaloliandika ndilo litakaloisimamia ardhi yako mbele ya mtu ambaye hajawahi kuiona.

Kabla ya kuandika, jiulize maswali matatu. Je, miti hiyo ilipandwa au iliota yenyewe? Unaitunza kwa ajili ya matunda au kwa kukata? Na eneo lake ni kubwa kiasi gani?

"Orchard" ni miti ya matunda iliyopandwa na kutunzwa: miembe, michungwa, mikorosho. Mwembe mmoja nyuma ya nyumba si "orchard". Huo ni "a mango tree" tu.

"Woodlot" ni kipande cha shamba chenye miti ya kukata, kama mivinje ya nguzo na fito au miti ya kuni. Wengi wetu tunayo mashamba haya, lakini wachache hulitumia neno lenyewe.

"Plantation" ni shamba kubwa la zao moja la biashara. Si lazima liwe la miti: mashamba makubwa ya miwa ya Ramisi nayo huitwa hivyo. Mwenye ekari mbili za minazi akiandika "plantation", msomaji atadhani ni kampuni.

"Grove" ni kundi dogo la miti, mara nyingi ya aina moja, lisilo na vichaka vingi chini yake. Minazi michache iliyosimama pamoja ni "coconut grove". Neno hili lisikuchanganye na "mangrove", yaani mikoko.

"Forest" ni msitu. Kaya Kinondo ni "sacred forest": haikupandwa kama shamba, bali wazee wameihifadhi kwa vizazi. Mwaka 2008 iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mikoko ya Gazi nayo ni "mangrove forest", ingawa sehemu yake imepandwa kwa mkono.

Hapa pana jambo la kisheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inahesabu kuwa msitu hata miti iliyokaribiana katika eneo linalozidi nusu hekta, yaani takriban ekari moja na robo. Pia inatambua misitu ya watu binafsi. Kwa hiyo mivinje yako ya ekari tatu yaweza kuitwa "forest", lakini usiliache neno hilo peke yake. Andika "private" na "planted", isije ikadhaniwa ni msitu wa serikali au wa asili.

Neno la kuliogopa zaidi ni "bush". Wengi huliandika kwa maana ya shamba lililoota majani. Anayelisoma huelewa kichaka, ardhi isiyo na kazi wala mwenye kuishughulikia. Mikorosho yako ya miaka thelathini, hata kama hujapalilia mwaka huu, si "bush".

Tena, huku kwetu Pwani kuna desturi ya zamani ambapo miti huwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Ikiwa hali yako ndiyo hiyo, "my orchard" yaweza kusomeka kana kwamba unadai na ardhi. "My mango trees" inadai kilicho chako, wala haikupunguzii haki yako juu ya miti.

Jipime:

1. Mama wa Msambweni ana mikorosho 60 aliyoipanda kwa mistari.
2. Kijana wa Diani amepanda mivinje ya nguzo kwenye nusu ekari.
3. Kikundi cha akina mama kinaotesha miche ya mikoko kwenye vifuko.

Majibu: la kwanza ni "cashew orchard", la pili ni "woodlot". La tatu ni "nursery", yaani kitalu. Neno hilohilo hutumika kwa shule ya chekechea, basi andika "tree nursery".

Ukiwa bado na shaka, liache jina la shamba na uihesabu miti: "Sixty cashew trees, planted in 1995." Sentensi hiyo haimchanganyi mtu yeyote. Na kabla ya kutia sahihi fomu yoyote, mwombe anayekujazia akusomee kwa Kiswahili alichokiandika.